Unaenda Ulaya? Foleni Inaanzia Kwenye Simu Yako

Kila mwaka ikifika mwezi wa sita hivi, tunapata swali lilelile kutoka kwa wateja walio safarini. Mtu amefika Roma na kesho kutwa anarudi nyumbani. Anataka kuingia Colosseum, tovuti inamwambia tiketi zimeisha, lakini kuna tovuti nyingine inayomuuzia kwa bei mara tatu au nne na inataka alipe sasa hivi. Alipe au asilipe?

Jibu letu huwa halimfurahishi. Ile foleni aliyokuwa akiiogopa, ya watu waliosimama juani na chupa za maji, siyo iliyomshinda. Iliyomshinda ilipita kwenye intaneti mwezi mmoja kabla, yeye akiwa bado Nairobi anatafuta sanduku la kununua.

Kama umewahi kukata tiketi ya SGR ya kwenda Mombasa wiki ya Krismasi, tayari unaelewa mambo yanavyoenda. Hakuna anayefika stesheni asubuhi ya tarehe 24 Desemba akitumaini kupata kiti. Unakata mapema kwa simu, unaweka jina na namba ya kitambulisho, unalipa, na ukifika mlangoni wanalinganisha. Vivutio vikubwa vya Ulaya siku hizi vinaendeshwa karibu hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba treni ikijaa unaweza kupanda basi. Ukikosa kuingia Sistine Chapel, hakuna Sistine Chapel nyingine barabara ya pili.

Kwa nini tiketi huisha

Watu ni wengi na milango ni ileile. Makumbusho ya Louvre, Paris, yalipokea wageni wapatao milioni 8.7 mwaka 2024, na yamejiwekea kikomo cha watu 30,000 kwa siku. Hata hivyo Juni 2025 wafanyakazi waligoma ghafla wakilalamikia msongamano, na watalii wakabaki nje ya ile piramidi ya kioo kwa saa kadhaa, tiketi ziko mkononi. Kule Athens, Acropolis iliwekewa kikomo cha watu 20,000 kwa siku mwaka 2023, kila mmoja na saa yake ya kuingia. Pompeii ikafuata Novemba 2024, pia watu 20,000, na tiketi zenye majina.

Kwa hiyo unaponunua tiketi hununui siku tu, unanunua saa. Na hapo chunga kidogo, maana saa ya kule si saa tunayoitaja sisi. Tiketi ikiandikwa 15:00, hiyo ni saa tisa alasiri, tena saa tisa ya Paris au Roma. Kenya iko mbele yao kwa saa moja wakati wa kiangazi chao, na kwa saa mbili kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi. Ukichelewa sana wanaweza kukukatalia, na pesa hazirudi.

Kila mahali pana tarehe yake ya kufungua mauzo. Nyumba ya Anne Frank, Amsterdam, ndiyo yenye utaratibu mkali kuliko zote tunazozijua: tiketi huuzwa mtandaoni peke yake, kila Jumanne saa nne asubuhi ya Amsterdam, za ziara ya wiki sita mbele. Kwetu hiyo ni saa tano asubuhi, au saa sita mchana msimu wa baridi. Ukiingia jioni baada ya kazi, mara nyingi utakuta zimeisha. Colosseum hufungua takriban siku 30 kabla. Lifti za Eiffel Tower hufunguliwa siku 60 kabla.

Visa kwanza, tiketi baadaye

Hapa ndipo ushauri wa kwenye video za watalii unapotuangusha sisi Wakenya. Mmarekani anaambiwa anunue siku mauzo yanapofunguliwa, na anaweza, kwa sababu haombi visa ya Schengen. Wewe unaomba, na inaweza kukataliwa. Tayari umelipa yuro 90 za maombi ambazo hazirudishwi. Ukiongeza tiketi tano za familia nzima ambazo nazo hazirudishwi, hasara inakuwa kubwa.

Dawa yake ni kuomba visa mapema. Sheria ya Schengen inakuruhusu kupeleka maombi hadi miezi sita kabla ya safari. Kwa kawaida uamuzi hutoka ndani ya siku 15, lakini wanaweza kuchukua hadi 45, na hizo siku huhesabiwa baada ya maombi kupokelewa. Kupata nafasi ya kwenda kuyapeleka ni suala jingine kabisa.

Tuseme unafika Ulaya tarehe 20 Agosti. Lifti za Eiffel za siku hiyo zinafunguliwa karibu tarehe 21 Juni, Anne Frank mapema Julai, Colosseum karibu tarehe 21 Julai. Ukipeleka maombi ya visa mwezi wa nne, hata ikichukua zile siku 45 utakuwa na jibu kabla ya tiketi ya kwanza kuanza kuuzwa. Ukipeleka mwezi wa saba, utakuwa unacheza kamari na pesa zako. Na kama visa imechelewa, subiri itoke hata kama unaona tiketi zinapungua. Ndiyo, sisi tunapata ada kila unapolipa, na bado tunakwambia usubiri.

Unanunua kwa nani?

Ukiandika jina la kivutio kwenye Google, mara nyingi matokeo ya juu kabisa ni matangazo ya watu wanaouza tena tiketi. Wengine ni kampuni halali za kuongoza watalii. Wengine ni matapeli kabisa. Wote wana picha nzuri na neno "official" mahali fulani.

Andika anwani wewe mwenyewe. Louvre wako ticket.louvre.fr. Eiffel Tower wako ticket.toureiffel.paris, na msishangae, .paris ni mwisho halali wa anwani. Colosseum wako ticketing.colosseo.it. Makumbusho ya Vatican wako tickets.museivaticani.va, na huo mwisho wa .va ni wa Vatican yenyewe, kwa hiyo tovuti inayojiita ya Vatican lakini inaishia na .com au .org si ya kwao.

Bei nayo inasema mengi. Tiketi ya kawaida ya Colosseum ni yuro 18. Makumbusho ya Vatican ni 20, ukinunua mtandaoni unaongeza 5 za kuhifadhi nafasi. Louvre tangu Januari 2026 inawatoza wageni wasio wa Ulaya yuro 32, wakati raia na wakazi wa eneo la kiuchumi la Ulaya wanalipa 22. Usichague ya 22 kwa sababu ni rahisi. Mlangoni wanaweza kukuuliza kitambulisho, na pasipoti yako ya Kenya haitakusaidia. Ila kama unaishi Ujerumani na una kibali cha ukaazi, hiyo 22 ni haki yako, beba kibali. Walio chini ya miaka 18 wanaingia Louvre bure, watoke nchi yoyote.

Usidhani pia kwamba tiketi zikiisha kwenye tovuti rasmi ni kwa sababu ulizubaa tu. Aprili 2025 mamlaka ya ushindani ya Italia ilizitoza kampuni kadhaa faini ya karibu yuro milioni 20 kuhusu tiketi za Colosseum. Sehemu ya kesi ilikuwa kwamba baadhi ya wauzaji walitumia programu za kompyuta kuzizoa tiketi mara tu zilipotolewa, kisha wakaziuza pamoja na huduma nyingine kwa bei ya juu.

Halafu kuna vya bure vinavyouzwa. Kanisa la Notre-Dame, Paris, lililofunguliwa tena Desemba 2024 baada ya ule moto wa 2019, halitozi kiingilio. Kuhifadhi nafasi ni bure na si lazima. Unalipa ukitaka kupanda minara au kuona chumba cha hazina. Mtu akikuuzia tiketi ya kuingia tu kanisani, umeshamjua. Basilika la Mtakatifu Petro nalo ni hivyo hivyo: kuingia ni bure, foleni unayoiona uwanjani ni ya ukaguzi wa usalama.

Na kuna tapeli wa hapa hapa nyumbani. Ana kikundi cha WhatsApp, anasema ana mtu Paris, anataka umtumie pesa kwa namba yake binafsi halafu atakutumia msimbo wa QR. Msimbo mmoja unaweza kutumwa kwa watu ishirini, na wa kwanza kufika mlangoni ndiye anayeingia.

Siku ya kulipa

Tovuti hizi zinapokea kadi, kwa hiyo utahitaji kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti yako ya simu. Ifungue na uijaribu siku kadhaa kabla, kwa kitu kidogo. Usiijaribu kwa mara ya kwanza Jumanne saa tano asubuhi watu wa dunia nzima wakiwa wanagombania Anne Frank. Ukishaweka tiketi kwenye kikapu, tovuti hukushikilia kwa dakika chache tu. Dakika hizo zikiisha ukiwa bado unamtafuta wakala wa kuweka pesa, tiketi zinarudi sokoni.

Weka pesa zilizozidi bei kidogo. Bei iko kwa yuro, akaunti yako iko kwa shilingi, na kiwango cha kubadilisha ulichokiona asubuhi si lazima kiwe kile kitakachotumika jioni. Pungufu ya shilingi hamsini inatosha malipo kukataliwa. Kumbuka pia kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, ingawa ukifika hapo kwa tiketi za makumbusho, familia yako ni kubwa kweli.

Tovuti nyingine zitakuuliza unataka kulipa kwa yuro au kwa shilingi za Kenya. Shilingi inaonekana rafiki kwa sababu unaielewa. Chagua yuro. Ukichagua shilingi, anayebadilisha ni muuzaji au benki yake, kwa kiwango anachojiwekea mwenyewe, na mara nyingi kiwango hicho kinakuumiza. Swali hilohilo utalikuta kwenye mashine za kulipia madukani na kwenye ATM za kule. Jibu ni lilelile.

Kabla malipo hayajapita, utatumiwa namba ya kuthibitisha kwa SMS kwenye laini yako ya Kenya. Hili linawashika wengi wakiwa safarini: mtu amefika Madrid, ametoa laini ya nyumbani, ameweka ya pale ili apate bando ya bei nafuu, halafu anataka kulipia Alhambra. Namba inatumwa, laini iko kwenye pochi. Kama simu yako inabeba laini mbili, acha ya Kenya ikiwa hewani na uulize mtandao wako kuhusu roaming kabla hujaondoka. Bora zaidi, maliza malipo makubwa ukiwa bado nyumbani.

Ukurasa ukiganda katikati ya malipo, tulia. Usibonyeze tena. Angalia kwanza kama umepata ujumbe wetu wa kuthibitisha malipo, kisha angalia barua pepe, pamoja na folda ya taka. Ukilipa mara mbili utakuwa na tiketi mbili za saa moja, na wauzaji wengi hawataki kusikia hadithi hiyo.

Na tuwe wazi kuhusu jambo moja, kwa sababu linaleta uchungu. Malipo ya kadi kwa muuzaji wa nje si kama kutuma pesa kwa namba isiyo sahihi, ambapo ukiripoti haraka tunaweza kuzizuia. Zikishamfikia muuzaji, njia iliyobaki ni kufungua malalamiko ya kadi. Tutayapeleka, lakini huchukua wiki, na tutakuomba ushahidi: barua pepe ya oda, picha ya tovuti ilivyoahidi, mawasiliano yenu. Kama ulimtumia mtu binafsi wewe mwenyewe kwa hiari yako, kama yule wa WhatsApp, hata njia hiyo haipo. Utabaki na polisi.

Jina

Colosseum, tangu Oktoba 2023, tiketi zina majina na mlangoni wanaomba kitambulisho. Alhambra kule Granada pia wanataka namba ya pasipoti. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, na umwombe kila mtu picha ya ukurasa wa kwanza wa pasipoti yake badala ya kuandika unachokijua kichwani. Shosho mliyemwita Shiru miaka sitini, pasipoti inasema Wanjiru, na huenda ina jina la ubatizo ambalo hata watoto wake hawalijui.

Ukifika

Tiketi haikuondolei foleni zote. Yale maneno ya "ruka foleni" yanamaanisha foleni ya kununua tiketi. Ya ukaguzi wa mabegi utaipanga kama kila mtu, kwa hiyo fika mapema na ubebe begi dogo. Colosseum hawapokei mabegi makubwa na hawana mahali pa kukuwekea.

Siku nayo ina maana yake. Louvre hufungwa Jumanne, kwa hiyo Jumanne watalii wengi wa Paris huhamia Versailles, ambayo hufungwa Jumatatu. Jumatano na Ijumaa Louvre iko wazi hadi saa tatu usiku, na sisi tungechagua jioni hizo tukiwa na uwezo. Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili isipokuwa ya mwisho wa mwezi, ambapo kuingia ni bure asubuhi. Bure hiyo utailipia kwa miguu, foleni huzunguka ukuta. Kama uko na mzazi mwenye magoti mabaya, lipa zile yuro 25 siku nyingine. Na kwa Vatican, mabega na magoti yafunikwe. Leso moja kwenye begi inatosha kukuokoa.

Kwenye msongamano huo simu yako ndiyo pochi, tiketi na ramani, na wezi wanajua. Aprili 2013 Louvre ilifungwa siku nzima kwa sababu wafanyakazi waligoma wakidai ulinzi dhidi ya wachomozi. Msongamano mbele ya Mona Lisa, watu wote mikono juu wakipiga picha, ni mahali pazuri sana kwa mwizi. Usiweke simu mfuko wa nyuma. Weka PIN kwenye laini yenyewe, si kwenye skrini peke yake, ili mwizi asiihamishie kwenye simu nyingine na kupokea zile namba za kuthibitisha. Chapisha tiketi kwenye karatasi. Andika kwenye karatasi hiyo namba yetu ya kupigiwa kutoka nje ya nchi, maana ile fupi unayoipiga nyumbani haitafanya kazi Paris, na umpe mwenzako wa safari aishike. Ukiibiwa, azime simu ya mtu yeyote, tupigie tufunge akaunti. Tiketi ya karatasi itakuingiza bila simu.

Na yule aliyeko Roma usiku huu, tiketi zimeisha, kesho kutwa anarudi? Arudie tovuti rasmi leo usiku na kesho asubuhi, wakati mwingine nafasi chache hujitokeza. Kama analipia ziara yenye kiongozi, asome kwanza kama kiingilio kimo ndani ya bei na kama saa imeandikwa. Yuko Paris na lifti za Eiffel zimejaa? Kuna ngazi, 674 hadi ghorofa ya pili, na tiketi zake hazigombaniwi kama za lifti. Na yakishindikana yote Roma, basilika la Mtakatifu Petro hufunguliwa saa moja asubuhi. Saa hiyo uwanja bado una nafasi, ukaguzi ni wa dakika chache, na halipi hata senti.